Chini ya Kisima cha Shangazi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka langu la ushonaji, na mbele yake meza ndogo ya Shangazi, muuza kahawa wetu, yenye birika na jiko la mkaa. Mimi hukaa mlangoni na cherehani yangu, kwa hiyo hata nikiwa na kazi ya watu mkononi, masikio yangu yako benchini. Upande huu hukaa kinyozi, ambaye tunamwita Bunge kwa sababu hajawahi kuacha neno lipite bila kulijadili. Katikati hukaa Tangi, dereva wa lori la kuuza maji. Na kule mwisho, karibu na jiko, hukaa Fuko, mchimba visima. Fuko ni shemeji yake Shangazi. Yeye na kaka yake, marehemu mume wa Shangazi, ndio waliochimba visima vingi vya mtaa huu, na cha kwanza kabisa ni kile kilichoko uani kwa Shangazi mwenyewe. Asubuhi ninayoisimulia, kisima hicho kilikuwa kimeharibika. Maji yake, ambayo sote tuliyajua kwa utamu, yalikuwa yameanza kuingia chumvi, na kahawa ilikuwa hainyweki mpaka mtu akunje uso.

– Shangazi, leo umetia sukari au umesahau? akauliza Bunge, huku akikitazama kikombe kama mtu aliyetukanwa.

– Nimetia mara mbili. Hiyo unayoisikia ni chumvi inashindana nayo.

– Si nilikwambia uchukue maji kwangu? akasema Tangi.

– Ya kwako yananilia faida yote. Subirini kidogo. Shemeji anaanza kazi kesho, anakiongeza kina.

Fuko akatikisa kichwa taratibu, kwa namna yake ya kukubali jambo ambalo halina ubishi.

– Chini ya hiyo chumvi kuna mto, akasema. Mto mtamu. Nikiufikia mtasahau habari hizi zote.

Habari za mto huo tulizijua wote. Fuko alikuwa ametusimulia miaka na miaka jinsi unavyotoka kule vilimani na kupita gizani chini ya nyumba zetu, unapinda karibu na soko, unanyooka kuelekea nyanda za chini. Aliujua mto huo kama mimi ninavyojua bega la mteja wangu wa siku nyingi. Hakuna aliyewahi kumbishia. Ungembishia kwa lipi, wakati maji ya kisima alichochimba yeye ndiyo yako kikombeni mwako?

Lakini wiki ile mambo yalikuwa yameanza kumkaa vibaya, kwa sababu walikuwa wamefika watu wa waya.

Walikuja na gari lililojaa mabunda ya waya. Wakautandika waya kwenye uwanja wa mpira, mraba mkubwa uliozunguka magoli yote mawili, wakauunganisha na kisanduku na betri. Katikati ya mraba huo waliweka pete kubwa iliyozungushiwa waya mwembamba. Wakapima, wakakunja, wakahamia kando ya barabara, kisha nyuma ya nyumba za watu. Walisema wanachunguza matabaka ya ardhi ya bonde letu zima. Walisema hivyo kwa sauti, mchana kweupe, na kila mtu akasikia alichotaka kusikia.

– Mafuta, alikuwa akisema Bunge asubuhi hiyo. Hakuna cha matabaka wala nini. Nani anaingia gharama zote hizo kwa ajili ya udongo? Wameshayaona mafuta, sasa wanapima mtaa una watu wangapi wa kuhamisha.

– Watu hawahesabiwi kwa waya, Tangi akamjibu. Mimi nawaambia wanayafukuza maji. Wanapitisha umeme ardhini, maji yanashtuka, yanakimbilia upande wenye majumba makubwa. Chumvi imeanza lini? Na wao wameanza kuonekana lini?

– Chumvi ilianza kabla yao, akasema Shangazi.

– Walikuwa wanajaribu kwa mbali!

– Tena nikwambie, Bunge akaendelea, tangu walaze ule waya nyuma ya nyumba yangu, mke wangu anaota ndoto zangu. Mimi naota nanyoa simba, yeye asubuhi ananiuliza, yule simba ulimmaliza? Umeme ule unavuta mawazo ya watu.

– Mkeo anasikia unavyoweweseka, nikasema kutoka mlangoni.

Walicheka wote isipokuwa Fuko. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakuinua macho. Nilidhani ana wasiwasi wa kazi ya kesho yake.

Ndipo akaja binti wa watu wa waya, yule aliyekuwa kiongozi wao. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, na mkononi alishika ncha mbili za waya mnene.

– Shikamoo mama. Hamjambo wazee wangu.

Tukaitikia. Tangi akavuta miguu yake ndani kana kwamba waya ule unauma.

– Waya wetu umekatwa, akasema yule binti. Umekatwa hapo nyuma ya ua wa mama huyu. Sikuja kutafuta mtu wa kumshtaki. Nataka kujua kama aliyekata ni mzima. Huu waya tukiwa kazini unapitisha umeme mkali. Kama angekata wakati ule, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine. Nimezunguka kila nyumba kuuliza kama kuna mtu ameungua.

– Mbuzi, akasema Bunge haraka. Mbuzi wa mtaa huu hawana adabu.

– Hawa mbuzi wenu wanatumia koleo? akauliza binti, akatuonyesha ncha zilivyokatika sawasawa.

Bunge akainamia kikombe chake. Tukasikia makaa yakialika jikoni.

– Ni mimi, akasema Fuko.

Shangazi alikuwa anamimina, akaacha kikombe kikafurika mpaka kahawa ikamchoma vidole.

– Shemeji!

– Walipita nyuma ya kisima cha kaka yangu bila kuniuliza.

– Waliniuliza mimi, akasema Shangazi. Ua ni wangu. Niliwaruhusu mimi.

Fuko hakulitegemea hilo. Uso wake mzima ulibadilika, na nilimwonea huruma, kwa sababu mtu mzima anapoumbuka mbele ya watu anaokunywa nao kahawa kila siku, hana pa kuuficha uso.

– Watu wakishaanza kusikiliza visanduku, akasema kwa sauti ya chini, Fuko atasikilizwa na nani?

Yule binti aliangalia benchi, akaangalia ncha za waya, kisha akauliza kama kuna nafasi. Tukasogea. Akaketi kati ya Tangi na Fuko. Shangazi akampa kikombe, na alipoonja tu akakiweka chini.

– Mama, maji haya ni ya kisima kile? Yameanza lini kuwa hivi?

– Mvua zilipokwisha. Kesho shemeji yangu anachimba zaidi, ayafikie matamu.

– Achimbe kwenda chini?

– Kwani visima vinachimbwa kwenda wapi? akadakia Bunge.

Binti alitabasamu kidogo, lakini nikaona jambo lile limemtia wasiwasi. Akamgeukia Fuko.

– Baba, naomba uniambie kuna nini huko chini. Unavyokujua wewe.

Fuko akamwambia. Juu udongo mwekundu, kisha mchanga mwembamba, kisha mchanga mnene wenye kokoto ndogo, na hapo ndipo maji. Na chini yake, mto. Alisimulia kwa tahadhari mwanzoni, halafu akachangamka, mikono ikawa inachora hewani ule mpindo wa karibu na soko. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

– Hayo matabaka ya juu ni kweli kabisa, akasema. Ndivyo tulivyoyaona. Ila mto hatujauona.

– Mtauonaje? Mmekaa juu na betri.

– Nikueleze tunavyofanya?

– Eleza, akasema Shangazi kabla ya shemeji yake.

– Tunapitisha umeme kwenye ule mraba wa waya, halafu tunaukata ghafla. Ukikatwa vile, ardhi haikubali kutulia mara moja. Umeme mwingine, mdogo sana, unaanza kuzunguka wenyewe ndani ya udongo, unashuka chini na kufifia. Ile pete yetu inasikiliza unavyofifia. Tabaka la juu linajibu mwanzo, la chini linachelewa. Panapopitisha umeme vizuri, unakawia kufa. Kwenye mchanga mkavu au mwamba mgumu, unakufa upesi.

– Kama kupiga hodi, nikasema, ukasikiliza nani anakuja na nani hayuko.

– Karibu hivyo, mzee. Bonde hili lote zamani lilikuwa kama bakuli. Mito ikaleta mchanga, ikaleta tope, pakajaa ziwa, likakauka, likaacha chumvi, mito ikaja tena. Mashapo juu ya mashapo. Sisi tunataka kujua yamelala vipi mpaka kwenye mwamba wa chini kabisa, na maji yamekaa wapi.

Akatoa kompyuta yake mkobani na kuifungua juu ya meza ya Shangazi. Tukainama wote, vichwa vikagongana. Ilikuwa picha ya mistari ya rangi iliyolala kwa mapana: buluu juu, kijani, halafu utepe mwekundu ulioinuka kidogo kama mgongo wa mtu aliyelala chini ya shuka.

– Hapa ni uani kwa mama, akasema. Buluu hii ni mchanga wenye maji matamu. Si mto, baba. Maji yako katikati ya chembe za mchanga, kama yanavyokaa kwenye kitambaa kilicholoa. Na huu wekundu ni mahali umeme unapopita kwa urahisi sana. Ona ulivyo karibu na kitako cha kisima.

– Wekundu ndiyo chumvi? akauliza Shangazi.

– Hapo ndipo ninapokwama, mama. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri. Udongo wa mfinyanzi nao unapitisha vizuri. Chombo hiki hakijui kuvitofautisha.

Fuko akainua kichwa.

– Hakijui?

– Hakijui. Kama ni mfinyanzi, huenda chini yake kuna mchanga mwingine wenye maji mazuri, na wewe utakuwa sahihi kuchimba. Kama ni maji ya chumvi, ukichimba zaidi utakuwa umeyafungulia mlango. Ukinilazimisha kubahatisha, nitasema mfinyanzi. Lakini nisingechimba kwa kubahatisha.

– Sasa umetuletea nini? akasema Bunge. Rangi tu!

– Nimeleta swali lililo dogo kuliko mlilokuwa nalo. Tunayo kekee ndefu ya mkono, kama ya seremala, inaungwa bomba kwa bomba. Tunaweza kutoboa tundu jembamba hapo pembeni ya kisima, tuone kinachotoka, kisha tulizibe. Nipeni muda mpaka tumalize upande wa soko.

– Mimi kesho nachimba, akasema Fuko, akasimama. Nimemwahidi shemeji yangu. Nimemwahidi na kaka yangu pia, kwamba kisima hiki hakitakufa nikiwa hai.

Shangazi alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta mahali palepale, pakiwa pameshakauka.

– Kesho huchimbi, akasema.

– Shemeji, unamwamini mtoto wa jana aliyesema mwenyewe hajui?

– Nimemwamini kwa sababu amesema hajui. Wewe hujawahi kuniambia hivyo hata siku moja.

Fuko alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumtetea. Mimi niliangalia sindano yangu. Tangi aliangalia lori lake. Akaondoka bila kumaliza kahawa, na siku zilizofuata nafasi yake karibu na jiko ilibaki wazi. Hakuna aliyeikalia, hata benchi lilipojaa.

Siku ya kekee nusu ya mtaa ilihamia uani kwa Shangazi. Vijana wa yule binti walizungusha mpini wawili wawili, wakaunga bomba, wakazungusha tena. Ulitoka udongo mwekundu, ukatoka mchanga mwembamba, vyote kama Fuko alivyosema, na nikaona watu wakimtafuta kwa macho. Alikuwepo. Alisimama nje ya uzio, mikono mfukoni, kama mtu anayepita njia.

Kazi ikawa ngumu ghafla. Vijana wakatweta, mpini ukakataa. Yule binti akasema huenda ni mfinyanzi, na sauti yake ilikuwa na furaha. Walipovuta, kumbe lilikuwa jiwe la mto tu limebana. Wakapita. Bomba lililofuata likashuka kwa wepesi, likapandisha mchanga wa kijivu uliolowa chapachapa. Wakateremsha kichupa kwa uzi, wakakivuta kimejaa maji.

Binti alikuwa na kipimo chake, lakini kabla hajakitoa, Fuko alikuwa ameshapita uzio.

– Nipe.

Akampa. Fuko akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Sijasahau jinsi alivyoonja. Alifumba macho, akaweka yale maji mdomoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kujua kwamba ni machungu. Kisha akatema pembeni, kwa heshima, akageuza uso.

– Chumvi tupu, akasema. Imekwisha.

– Na mimi nilidhani mfinyanzi, akasema yule binti.

– Ningechimba, Fuko akasema. Kesho yake ile ningechimba, shemeji. Ningeifungulia mlango.

Shangazi alimletea kata ya maji ya lori asukutue mdomo.

Walikaa ukingoni mwa kisima, Fuko na yule binti, na mimi nikiwa karibu nilisikia maneno yao. Binti alimweleza kwamba maji matamu ni tabaka jembamba lililoelea juu ya yale ya chumvi, na kila pampu, kama ile ya kisima cha Shangazi, inapovuta kwa nguvu, chumvi ya chini nayo inanyanyuka kuifuata. Kule kunyanyuka ndiko alikokuwa ametuonyesha kwenye picha, ule mgongo wa mtu aliyelala. Fuko akauliza kama ukishanyanyuka unaweza kurudi chini. Binti akasema unaweza, taratibu, mvua zikinyesha na pampu zikipumzishwa. Fuko akauliza, je, kitako cha kisima kikipandishwa? Binti akafikiri, akasema hilo lingesaidia, kisima kingekaa mbali na chumvi.

– Na ile sauti? Fuko akauliza. Mimi nikiwa chini nilikuwa nasikia maji yanatembea. Na kaka alikuwa anasikia.

– Huenda ni michirizi ya ukutani, baba. Kisima kina mwangwi. Lakini mimi sijawahi kushuka kisimani, siwezi kukuambia hukusikia.

Juma lile Fuko alishuka kwenye kisima cha Shangazi kwa mara ya mwisho. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akitoa udongo, safari hii alikuwa anaurudisha. Shangazi alimteremshia ndoo za mfinyanzi uliokandwa vizuri, yeye akashindilia kwa gogo, akaweka mchanga safi juu yake na kokoto zilizooshwa. Nilikwenda kushika kamba. Kutoka chini tulisikia gogo likigonga, kisha likanyamaza muda, kisha likagonga tena. Alipopanda macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Kisimani hamna vumbi, lakini sote tukakubali kwamba ni vumbi.

Shangazi aling'oa pampu yake, akarudi kwenye ndoo na kamba. Mvua zilipokuja, maji yalianza kupungua chumvi. Hayakuwa kama zamani, lakini kahawa ikanyweka, na Fuko akarudi mahali pake karibu na jiko. Siku hizi akizungumzia chini ya ardhi anasema “nadhani”, neno ambalo zamani hakuwa nalo.

Asubuhi moja watu wa waya walipokuwa wamekwisha kuhamia bonde jingine, akaja kijiweni mwanamke aliyepanga chumba nyuma ya kinyozi. Fundi saa, mtu mpole. Ndiyo kwanza anafika mtaani, na Bunge akaona amepata msikilizaji mpya. Akamsimulia kisa chote, waya, koleo, kekee, na humo ndani yeye Bunge ndiye aliyegundua tangu mwanzo kwamba si mafuta.

– Wewe ulisema mafuta, Tangi akamkatiza.

– Nilikuwa nawapima akili.

Mwanamke alicheka, akanywa, akauliza kwa utulivu:

– Kwa hiyo maji haya ni tabaka moja, mtaa mzima?

– Moja, akasema Fuko. Nadhani linafika mpaka kule Tangi anakojazia lori. Yule binti alituonyesha.

– Na nyumba zenye pampu ni ngapi?

– Zote, akasema Bunge kwa fahari. Mtaa huu tumeendelea. Shangazi peke yake ndiye ameng'oa ya kwake.

– Sasa anayefuata kung'oa ni nani?

Aliuliza hivyohivyo, kama mtu anayeuliza kijiko kiko wapi. Bunge aligeuka kutazama upande wa nyumba yake. Tangi alikuwa ameshika ufunguo wa lori, muda wake wa kwenda kujaza ulikuwa umefika, lakini hakunyanyuka. Mimi niliacha kukanyaga cherehani, na ilipotulia ndipo tulipozisikia vizuri pampu, moja nyuma ya duka langu, nyingine ng'ambo ya barabara, nyingine mbali zaidi, zote zikivuta.